MATEMBEZI YA MWEZI: Ngoma za Ugogo Zafika Bagamoyo

Mwezi huu nakupeleka mbali kidogo. Tunakwenda Bagamoyo, pwani. Lakini hatuendi peke yetu. Tunafuatana na familia moja ya Wagogo, kutoka wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Familia hii ni ya wapiga ngoma. Walialikwa pwani wakapige kwa siku mbili. Nami niliomba kwenda nao. Walinikubalia kwa sharti moja, nibebe ngoma moja.

Walikuwa watu wanane. Mkubwa wao ni Bibi. Hakutaka niandike jina lake gazetini, kwa hiyo mimi na wewe tutamwita Bibi. Walikuwapo binti zake wawili, na mke wa mwanawe. Alikuwapo mwanawe wa kiume, na mume wa binti mkubwa. Mwisho walikuwapo wajukuu wawili, msichana wa miaka 17 na mvulana wa miaka 12.

Kama hujafika Ugogo, labda utashangaa jambo moja. Kwa Wagogo ngoma za muheme hupigwa na wanawake. Mwanamke huibana ngoma katikati ya magoti, akaipiga kwa mikono. Wanaume huimba, hucheza na kupuliza filimbi. Kwa hiyo katika familia hii ngoma tano zina wenyewe, nao ni Bibi, binti zake wawili, mkwewe na mjukuu wake wa kike. Mwana wa kiume hupiga zeze na marimba. Mvulana hutikisa kayamba, na kufunga njuga miguuni.

Ile marimba nataka nikueleze vizuri, maana niliishika kwa mikono yangu. Ni sanduku la mbao. Juu yake zimepangwa ndimi nyembamba za chuma, nyingi sana. Mpigaji huzibonyeza kwa vidole gumba. Lakini si zote zinazobonyezwa. Nyingine zipo tu, hutetemeka zenyewe wenzao wanapolia, na sauti ikanenepa. Tena sanduku lina tundu. Juu ya tundu hubandikwa utando mweupe wa buibui, ule anaofungia mayai yake. Utando huo ndio unaotoa mvumo kama wa nyuki. Nilipouliza kwa nini wasitumie karatasi ya nailoni, yule kijana alicheka. Akasema, "Jaribu wewe, halafu usikilize."

Tuliondoka alfajiri. Ilikuwa mwezi wa Oktoba. Wewe mkulima unajua kwa nini. Dodoma hupata mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Oktoba ni wakati wa kusafisha mashamba. Kazi ipo, lakini siku nne za kuwa mbali na shamba si hasara kubwa.

Mbele ya basi tulikutana na tatizo la kwanza. Utingo alitaka ngoma zilipiwe kama mizigo. Bibi alimsalimu kwanza kwa Kigogo, "Mbukwa!" Kumbe yule utingo naye alikuwa Mgogo. Aliitikia, akaona haya, akasema, "Basi, zipakateni." Tukazipakata ngoma kama watoto, mpaka mwisho wa safari. Mimi magoti yaliniuma siku mbili.

Tulipita Kibaigwa penye soko kubwa la mahindi. Tulipita Gairo penye baridi, kisha Dumila, kisha Morogoro. Chalinze tulishuka, tukapanda gari jingine la kwenda Msata. Hapo Msata barabara ya lami inageuka kuelekea mashariki, mpaka Bagamoyo. Njiani ni Kiwangwa, kwenye mananasi. Msomaji, mananasi ya Kiwangwa yamepangwa barabarani kama matofali. Bibi alinunua matatu. Tuliyala ndani ya gari, maji yakatuchuruzika mpaka viwikoni. Mvulana alisema kwamba hata kama tungerudi kutoka hapo, safari ingekuwa imetosha.

Njia hiyo ya kwenda pwani ni ya zamani sana. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka bara kwenda Bagamoyo, ikiwa na pembe za ndovu na watu waliotekwa utumwani. Mingi ilipita Ugogo. Watemi wa Kigogo waliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kuteka maji. Nilimweleza Bibi habari hiyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Zamani wao walitulipa sisi. Leo sisi tunalipa nauli. Dunia imegeuka."

Wenyeji walitupokea vizuri. Walikuwa watu wa mtaa mmoja wa Bagamoyo, wenye kikundi chao cha ngoma. Vijana walimwamkia Bibi, "Shikamoo Bibi," naye akawaitikia, "Marahaba wajukuu zangu." Tulipewa vyumba viwili, mikeka, na maji ya kuoga. Kisha mama mwenye nyumba akaita uani, "Lete mbuzi!"

Hapo mvulana wetu alisimama. Yeye ni mtoto wa wafugaji. Alijua kwamba mgeni wa heshima huchinjiwa. Akaja kuninong'oneza, "Mjomba, wanatuchinjia." Tukangoja. Akatoka msichana na kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno. Akakikalia, akapasua nazi, akaanza kuikuna. Ndiyo mbuzi yenyewe! Kwa watu wa pwani, kigoda cha kukunia nazi huitwa mbuzi. Tulicheka mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, naye akakaa chini kwa kucheka. Mtoto yule mpaka leo wanamwita "Lete Mbuzi".

Sasa nikueleze walivyopika. Nazi iliyokunwa hutiwa maji, ikakamuliwa na kuchujwa kwa kifumbu. Maji ya kwanza ni meupe na mazito. Hilo ni tui zito, huwekwa kando. Machicha hutiwa maji tena, yakakamuliwa. Hilo ni tui jepesi. Wali hupikwa kwa tui. Kwenye mchuzi hutangulia tui jepesi, na tui zito hutiwa mwishoni, huku ukikoroga ili lisikatike. Binti mkubwa wa Bibi alikaa jikoni muda wote akiuliza maswali. Samaki alikuwa changu. Alichomwa kwanza juu ya makaa, kisha akapakwa tui lenye ndimu na pilipili. Ndiye samaki wa kupaka.

Tulikula. Mume wa binti mkubwa alikula zaidi yetu sote, na usiku hakulala. Tumbo ambalo halijazoea nazi, lisipewe sahani tatu siku ya kwanza. Nilimwonya, hakusikia.

Kesho yake asubuhi tulikwenda soko la samaki, ufukweni. Mashua zilikuwa zimeingia. Samaki walipigwa mnada palepale mchangani, na kando walikuwapo watu wa kukaanga. Hapo Bibi alimwona pweza kwa mara ya kwanza. Alimtazama kwa muda mrefu. Akahesabu mikono yake, minane. Akauliza, "Mfupa wake uko wapi?" Muuzaji akamjibu, "Hana mfupa, Bibi." Bibi akasema, "Basi mimi simo." Lakini mjukuu wa kike alionja kipande kimoja, halafu kingine, halafu akaomba hela ya kununua cha tatu.

Usifikiri kwamba Wagogo walikwenda kula tu. Wao pia walikuja na mfuko. Ndani yake mlikuwa na unga wa uwele, mlenda mkavu uliosagwa, karanga, na ubuyu. Siku ya pili mchana Bibi aliomba jiko. Alichemsha maji, akatia magadi kidogo sana. Akanyunyiza unga wa mlenda huku akikoroga, akatia chumvi na karanga zilizotwangwa. Akasonga ugali wa uwele, mweusi mweusi, mgumu. Wenyeji walikaa. Mzee mmoja alimega tonge, akachovya, na mlenda ukamfuata mpaka kidevuni kama uzi. Akasema, "Huu unateleza kuliko bamia!" Lakini alimaliza. Mama mwenye nyumba akaomba aachiwe unga wa mlenda uliobaki.

Kuhusu ubuyu walibishana. Mibuyu ipo Dodoma, na Bagamoyo pia ipo. Lakini pwani ubuyu hupikwa kwa sukari na rangi nyekundu, watoto wakamumunya. Bibi alipopewa aliutema mkononi, akautazama, akasema, "Mmeuvika kanga." Kwake yeye ubuyu ni wa kuunga mlenda na uji. Mimi napenda wote wawili, kwa hiyo sikusema neno.

Sasa turudi kwenye ngoma, maana ndiyo iliyotupeleka.

Usiku wa kwanza mambo yalitaka kuharibika. Bibi alipiga ngoma yake mara moja, akanyamaza. Akapiga tena. Ngoma ililia "bwe", kama unapiga gunia la pumba. Zote tano zilikuwa hivyo. Sababu ni hewa ya pwani. Ina unyevu mwingi, na ngozi kavu ya Dodoma hunyonya unyevu huo ikalegea. Watu walikwisha kaa na watoto walikuwa wanapiga makofi. Wenyeji ndio waliotuokoa, maana wanaijua hewa yao. Walileta makumbi ya nazi, wakawasha moto nyuma ya nyumba. Wanawake wakaziota ngoma zao moto kama watu wenye baridi, wakizigeuza na kuzigonga kwa kidole. Polepole sauti ikarudi. Tangu hapo moto wa makumbi haukuzimwa, na kila baada ya nyimbo mbili ngoma zilirudishwa motoni.

Walipiga vizuri, msomaji. Wanawake watano walisimama mstari mmoja, ngoma magotini. Kila mmoja alipiga mapigo yake, lakini yote yaliingiana kama vidole vya mikono miwili. Watu wa mtaa ule hawakuwa wageni wa muziki huo. Mjini Bagamoyo aliishi Hukwe Zawose, Mgogo, mpiga marimba na zeze aliyejulikana nchi nyingi. Alifundisha katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa hapo mwaka 1981. Alifariki mwaka 2003. Jamaa zake wengi ni wapiga muziki mpaka leo. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu iitwayo Maisha mwaka 2024. Wao wanapiga ngoma na kuimba kwa jina la The Zawose Queens. Bibi alifurahi sana kusikia wanawake wenzake wamefika mbali hivyo.

Usiku wa pili, ngoma ilipokwisha, alikuja bwana mmoja mwenye kinasa sauti. Sitamtaja jina. Alikuwa na adabu. Alisema amependa nyimbo nne. Anataka kuzirekodi kesho asubuhi, na atalipa shilingi 500,000 taslimu. Akatoa karatasi mbili zilizoandikwa kwa Kiswahili. Akasema, "Mama, weka dole gumba hapa tu."

Hebu tufanye hesabu pamoja, uone fedha hizo zilikuwa na maana gani. Nauli ilikuwa shilingi 30,000 kwa mtu mmoja. Watu wanane, hiyo ni 240,000 kwenda. Kurudi ni 240,000 nyingine. Chakula cha njiani kilikuwa 40,000. Jumla ni 520,000. Wenyeji waliahidi kulipa 300,000, na walilipa. Kwa hiyo familia ilikuwa na upungufu wa 220,000. Na ile nauli ya kwenda ilipatikana kwa kuuza mbuzi watatu, mbuzi kweli, si wa kukunia nazi. Wakichukua 500,000 za yule bwana, wanarudi nyumbani na faida ya 280,000. Mwana wa kiume alikwisha ipiga hesabu hiyo kichwani. Nilimwona usoni.

Walinipa karatasi niisome, kwa kuwa mimi ni mtu wa gazeti. Niliipitisha macho haraka. Nilikuwa nimechoka, na usingizi ulikuwa umenishika. Nikasema, "Iko sawa." Ndugu msomaji, nakwambia jambo hili kwa aibu.

Bibi akasema, "Nipeni na mimi." Bibi alijifunza kusoma akiwa na miaka 58, katika darasa la kisomo la kijijini. Alivaa miwani. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma kila mtu aliyeanza ukubwani. Yule bwana alitazama saa yake. Mwana wa kiume akasema, "Mama, tumekwisha somewa." Bibi hakumjibu. Aliendelea. Alipofika karatasi ya pili alisimama, akarudia mstari mmoja mara mbili. Mstari huo ulisema kwamba haki zote za nyimbo hizo zitakuwa za mrekodi, siku zote na mahali pote.

Bibi aliuliza, "Siku zote maana yake mpaka lini?"

Bwana akasema ni maneno ya kawaida tu, kila karatasi inayo.

"Na binti yangu akiimba wimbo huu harusini, ataomba ruhusa kwako?"

Bwana akacheka. "Hapana mama, nani atakuja kukukamata kijijini?"

"Sikuuliza nani atanikamata. Nimeuliza karatasi inasemaje."

Kukawa kimya. Mwana wa kiume aliinuka, akatoka nje. Alikuwa na hasira, na mimi simlaumu. Ndiye aliyewauza wale mbuzi. Bibi aliniambia baadaye kwa nini alisoma vile. Miaka mingi iliyopita mtu mmoja alifika kijijini kwao na mashine. Mume wake, ambaye sasa ni marehemu, alimpigia zeze siku nzima. Mtu yule aliahidi kuleta nakala, hakurudi. Sauti ya mumewe iko mahali fulani duniani, naye hana hata wimbo mmoja wa kuwasikilizisha wajukuu.

Walizungumza mpaka saa sita za usiku. Bibi alisema nyimbo mbili kati ya nne hazitoki. Ni nyimbo za muheme za kuwafunda mabinti. Alisema, "Hizo si zangu peke yangu. Tumeziimba leo bila maneno ya ndani. Siwezi kuziuza." Nyimbo mbili nyingine ni za mumewe, za zeze na marimba. Hizo alikubali. Lakini ule mstari ufutwe, na iandikwe kwamba nyimbo zinabaki za familia. Tena waletewe nakala. Bwana alisema kama ni mbili, atalipa nusu, 250,000. Bibi akasema sawa.

Basi mstari ulifutwa kwa kalamu, katika nakala zote mbili. Maneno mapya yaliandikwa pembeni. Bibi hakutia dole gumba. Aliandika jina lake lote, herufi baada ya herufi. Akachukua nakala moja, akaikunja, akaiweka ndani ya kitenge chake. Asubuhi mwana wa kiume alipiga zeze la baba yake mbele ya kinasa sauti. Alipiga vizuri kuliko siku zote mbili. Lakini mama yake hakumsemesha mpaka walipomaliza kunywa chai.

Nilipofika Dar es Salaam niliitafuta sheria yenyewe. Inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Sheria hiyo inamlinda mtunzi, na pia anayeimba au kupiga muziki. Mtu haruhusiwi kurekodi uimbaji wako na kuuza bila ridhaa yako. Ngoma na nyimbo za jadi za jamii nazo zimetajwa humo. Taasisi inayoshughulikia haki hizo ni COSOTA, na mtunzi anaweza kusajili kazi yake huko. Kama una kikundi kijijini, muulize afisa utamaduni wa wilaya yako akueleze taratibu.

Sasa rudi kwenye hesabu. Wenyeji walilipa 300,000. Bwana yule alilipa 250,000. Jumla ni 550,000. Toa 520,000 za safari. Inabaki 30,000. Gawa kwa watu wanane, kila mmoja alipata 3,750. Yule mvulana alitaka zake mkononi, akapewa. Alinunua nanasi Kiwangwa.

Katika basi la kurudi mama na mwana walikaa kiti kimoja, ngoma mapajani. Walikuwa kimya mpaka Morogoro. Halafu nikamsikia kijana akisema, "Mama, tulikuwa tupate mbuzi watatu wengine." Bibi akajibu, "Najua." Kijana akangoja kidogo, akauliza, "Ile nakala umeiweka wapi?" Bibi akagusa kitenge chake. Kijana akaegemeza kichwa dirishani, akalala.

Mwezi uliopita nilipata salamu kutoka kwao. Nakala za nyimbo bado hazijafika. Bibi amekwisha andika barua moja ya kuulizia, na anaandika ya pili. Binti mkubwa alirudi na nazi mbili na mbuzi ya kukunia, zawadi ya wenyeji. Amejaribu kutia tui katika mlenda. Nyumba imegawanyika. Watoto wanaupenda, Bibi anasema umeharibiwa.

Mwezi ujao nitakwenda Tukuyu kwenye ndizi. Kwaheri kwa leo, nisalimie wote hapo nyumbani.